Moto wa Pumba: Kisukari, Mchochota, Moyo na Figo

Wanachuo wenzangu, najua makala hii inawakuta mkiwa na madesa mkononi na mitihani mlangoni, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye hoja. Nataka tusome pamoja somo ambalo mimi nilifaulu darasani nikafeli nyumbani. Huhitaji kuwa mwanafunzi wa udaktari ili ulielewe. Wa sheria, wa ualimu, wa uhandisi, wote karibuni, maana ni wachache kati yetu wasio na mzazi, shangazi au mjomba "mwenye sukari".

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kwetu Kilombero. Aligundulika ana kisukari cha aina ya pili nikiwa kidato cha tatu. Kama mwalimu wa zamani, alitafuta daftari kubwa, akalipigia mistari kwa rula na kuandika vichwa vinne: tarehe, saa, sukari, maoni. Kila asubuhi anachoma kidole, anaandika. Nilipoingia chuo kusoma udaktari, akaanza kunipigia simu kabla sijaenda darasani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba daktari. Leo sita nukta nane."

"Safi sana, baba."

Basi, anakata simu ili vocha isiishe. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa karibu miaka mitatu, na wote wawili tuliridhika.

Likizo iliyopita alikuja kunipokea stendi akiwa amevaa kandambili. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumwona akitoka nyumbani bila viatu vya kamba. Nilipomuuliza akasema viatu vimekuwa vidogo, tukacheka. Usiku, mama akiwa anaosha vyombo, akanidokeza: "Baba yako siku hizi analalia mito mitatu. Akilala chali anasema pumzi inakwisha."

Nilisimama pale na taulo mkononi. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeandika dalili hizo mbili kwenye karatasi ya mtihani, nikapewa maksi zote. Nikaenda kwa baba, nikambonyeza ugoko kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Figo zilikuwa zinafanya kazi kwa kiwango cha 41, wakati mtu mwenye figo nzima huwa na 90 na kuendelea. Misuli ya moyo ilikuwa dhaifu, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kovu la shambulio la zamani ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulijua. Nikafungua daftari. Sukari: saba, sita na nusu, nane, sita nukta tisa. Ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa amefaulu kila siku katika kitu pekee alichoambiwa akipime.

Swali la somo letu ni hili: kama sukari ya asubuhi ilikuwa nzuri, ni nini kilichokuwa kinaunguza moyo na figo?

Mchochota ni nini

Ukijikata na kisu ukimenya viazi, pale penye jeraha patakuwa pekundu, patavimba, patapata joto na patauma. Celsus, Mrumi aliyeandika katika karne ya 1, alizitaja dalili hizo hizo nne. Kwa Kiswahili cha tiba hali hiyo huitwa mchochota. Ni kitu kizuri. Mishipa imepanuka, majimaji yamepenya, chembe nyeupe za damu zimefika kupigana na vijidudu na kufagia uchafu. Kazi ikiisha, askari wanaondoka na kidonda kinapona.

Mchochota wa kisukari ni wa aina nyingine. Hauna wekundu, hauna joto, hauumi, na hauishi. Waliokulia kwenye mpunga watanielewa nikisema ni moto wa pumba. Nyuma ya mashine ya kukoboa huwa kuna kilima cha pumba. Ukishika moto, huoni mwali. Juu pumba ni zile zile, ila chini panaungua siku nenda siku rudi, na mtoto akipita juu yake anaweza kuzama mguu kwenye jivu la moto. Ndiyo maana watoto wa kwetu hukatazwa kuchezea pale hata kama hakuna moshi.

Moto huo una kipimo. Ini hutengeneza protini inayoitwa CRP kila mchochota unapotokea mwilini. Mtu mwenye nimonia kali anaweza kuwa na zaidi ya miligramu 100 katika lita moja ya damu. Kwa moto wa pumba utakuta 4, 5, 7. Anayetafuta nimonia ataona namba hiyo na kuipita. Anayetazama moyo hataipita, kwa sababu kwake chini ya 1 ni hatari ndogo na zaidi ya 3 ni hatari kubwa.

Moto unaanzia wapi

Chanzo cha kwanza ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo. Zamani yalionekana kama ghala tu la akiba. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene yanatoa kemikali ya mchochota iitwayo TNF-alfa, na kwamba kemikali hiyo ikizuiwa, insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2003 watafiti wakaonyesha kwamba mafuta ya wanene hujaa makrofeji, yaani chembe walaji, zile zile zinazofagia uchafu kwenye kidonda.

Zinafuata nini pale? Seli ya mafuta ikijazwa kupita kiasi, hewa ya oksijeni haiitoshi, na nyingine hufa. Makrofeji zinakuja kuzika, na zikifika zinatoa kemikali za kuita wenzao. Kemikali hizo zinaingia kwenye damu na kufika hadi kwenye misuli na ini, ambako zinavuruga ujumbe wa insulini. Insulini inabisha hodi, mlango wa seli unafunguka kwa shida. Kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mwaka baada ya mwaka, mpaka linachoka. Hapo sukari inapanda, na mtu anaambiwa ana kisukari. Kumbe moto ulianza zamani.

Chanzo cha pili ni sukari yenyewe. Sukari ikikaa juu muda mrefu hujibandika kwenye protini za mwili. Kile kipimo cha HbA1c tunachoambiwa kinaonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu, kinapima sukari iliyojibandika kwenye hemoglobini. Kemia yake ni ndugu wa ile inayofanya andazi liwe la kahawia kwenye karai, ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Kwenye mafuta ya moto ni dakika chache. Mwilini, kwa nyuzi 37, ni wiki na miaka. Protini hizo zilizoungua polepole hukakamaza kuta za mishipa, na seli zetu zina vipokezi vinavyozitambua na kuwasha mchochota upya.

Kwa hiyo mchochota unaleta sukari, na sukari inaleta mchochota. Ukikumbuka sentensi hiyo moja, nusu ya somo umeshapata.

Kwenye moyo

Mshipa wa damu kwa ndani una utando laini sana wa seli, safu moja tu. Kazi yake ni kuufanya mshipa utanuke vizuri na damu isigande ovyo. Mchochota unauharibu utando huo. Lehemu mbaya inapenya chini yake na kuharibika, makrofeji zinaifuata na kuila mpaka zinavimba kwa mafuta. Taratibu kinajengeka kichuguu ndani ya ukuta wa mshipa, kikiwa na kifuniko juu.

Watu wengi hudhani shambulio la moyo linatokea kichuguu kinapokua mpaka kinaziba mshipa, kama bomba la maji lililojaa kutu. Mara nyingi sivyo. Chembe za mchochota hutoa vimeng'enya vinavyolainisha kile kifuniko. Siku moja kinapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba kwa dakika chache.

Kwa mwenye kisukari kuna jambo jingine. Mishipa ya fahamu nayo inakuwa imeumia, hivyo shambulio linaweza kuja bila yale maumivu ya kifua tunayoyaona kwenye filamu. Mtu anajisikia kuchoka, anatoka jasho, tumbo linamsumbua, anasema ni malaria. Baba anakumbuka siku moja shambani, msimu wa kupalilia, alikaa chini ya mwembe tangu saa nne hadi adhuhuri kwa sababu "mwili ulikataa". Hatuna hakika kama ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Misuli ya moyo nayo hukakamaa kwa makovu madogo madogo, ikashindwa kupokea na kusukuma damu ipasavyo. Maji yanabaki nyuma: miguuni ukisimama, mapafuni ukilala. Hapo ndipo kandambili na mito mitatu vinapotoka.

Kwenye figo

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa pamoja vinachuja lita zipatazo 180 kwa siku, na karibu maji yote yanarudishwa mwilini. Unachokojoa ni lita moja au mbili tu.

Sukari ikizidi kwenye damu, inazidi pia kwenye kile kinachochujwa. Figo, kwa tabia yake ya kutopenda kupoteza chakula, inavuta sukari ile irudi, na chumvi inarudi pamoja nayo. Sehemu ya mbele ya mrija inaona chumvi kidogo, inadhani damu inayoingia haitoshi, basi inafungulia bomba. Shinikizo ndani ya vichujio linapanda. Ndiyo maana mwanzoni figo za mwenye kisukari zinaweza kuonekana zinachapa kazi kuliko kawaida, na kumbe zinaumizwa.

Baada ya muda kichujio kinalegea na protini iitwayo albumini inaanza kuvuja. Albumini inayopita kwenye mirija ya figo ni uchokozi mwingine: seli za mirija zinaiokota, zinalemewa, zinaita makrofeji. Mchochota unaleta kovu, na kovu halichuji. Katika kila wagonjwa 10 wa kisukari cha aina ya pili, 3 au 4 hupata ugonjwa wa figo. Wanaofika hatua ya mwisho huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, au kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017.

Lakini wengi hawafiki huko. Hufariki kwa moyo kabla. Figo iliyoumia inazuia chumvi na maji, presha inapanda, moyo unabebeshwa mzigo. Moyo uliochoka unapeleka damu kidogo kwenye figo, figo zinazidi kuumia. Na albumini kwenye mkojo haisemi habari za figo tu. Ikiwa mishipa midogo ya figo inavuja, ujue na mishipa ya mahali pengine ina tatizo hilo hilo. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kinaweza kukuonya juu ya moyo.

Je, tumeze dawa ya kuzima mchochota?

Hapa ndipo ninapolazimika kuungama.

Nikiwa mwaka wa pili, tumetoka kusoma sura ya mchochota, baba alilalamika kuhusu goti. Nikamwambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Nunua diklofenaki baba, hiyo inazuia mchochota." Sikuuliza presha yake. Sikuuliza figo. Likizo hii, nikiwa nimeshika lile daftari, nikaikuta kwenye safu ya maoni kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Diklo 2 kwa siku, ushauri wa daktari." Daktari mwenyewe ni mimi. Alikuwa ameendelea nayo zaidi ya mwaka.

Fikra niliyokuwa nayo inaonekana ya akili: kama tatizo ni mchochota, si tumeze dawa ya mchochota? Sayansi imelijaribu wazo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1876 Mjerumani Wilhelm Ebstein aliandika kwamba dawa ya jamii ya aspirini, kwa dozi kubwa, inapunguza sukari kwenye mkojo. Mwaka 2013 majaribio ya dawa ya ukoo huo, salsaleti, yalionyesha HbA1c inashuka kidogo, lakini albumini kwenye mkojo ikapanda mpaka dawa iliposimamishwa. Unaona mtego ulipo.

Jaribio kubwa zaidi lilitoka mwaka 2017, jina lake CANTOS. Watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na wenye CRP ya 2 au zaidi walipewa kanakinumabu, sindano inayozuia kemikali moja tu ya mchochota, au sindano isiyo na dawa. Lehemu haikuguswa, lakini kwa dozi ya miligramu 150 matukio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo yalipungua kwa asilimia 15. Hapo ikathibitika kwamba mchochota wenyewe unaua. Lakini waliopewa dawa walipata zaidi maambukizi ya kuua, kwa sababu ukizima moto wote, wa jikoni nao unazimika.

Sasa diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao ni habari nyingine kabisa. Figo iliyo taabani hutegemea kemikali fulani kuuacha wazi mshipa unaoiletea damu, na dawa hizi zinazizuia kemikali hizo. Damu inapungua kwenye figo, chumvi na maji vinabaki mwilini, presha inapanda. Mgonjwa akiwa anameza pia losatani na dawa ya kukojosha, hatari inaongezeka. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba diklofenaki isitumiwe na wenye moyo dhaifu au waliowahi kupata shambulio la moyo. Na sisi tunainunua dukani kama pipi.

Daktari anayemhudumia baba aliniambia hakuna anayeweza kujua ni sehemu gani ya madhara ilitokana na diklo na ni sehemu gani ilitokana na miaka ya kisukari. Alisema hivyo kwa wema. Mimi bado nalifikiria.

Kinachofanya kazi

Kwanza, sukari ni muhimu, asije mtu akafunga gazeti hili na kusema tumeambiwa tuache kupima. Utafiti wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoka mwaka 1998, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari vizuri kunapunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho na figo, kwa asilimia 25. Kwa shambulio la moyo faida ilikuwa ndogo na haikuwa ya uhakika. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, wenye watu 10,251, ulijaribu kuishusha sukari kwa nguvu zaidi, na sehemu hiyo ikasimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka. Maana yake ni kwamba sukari peke yake haitoshi, na kuikimbiza kupita kiasi ni hatari.

Presha na chujio vinahitaji dawa zao. Losatani, katika utafiti wa RENAAL wa mwaka 2001, ilipunguza kwa asilimia 28 idadi ya waliofikia hatua ya mwisho ya figo. Lehemu ina statini, ambazo pia hutuliza mchochota ukutani mwa mshipa.

Kisha kuna dawa ambazo zilianza kama dawa za sukari zikageuka dawa za moyo na figo. Zile zinazoizuia figo kurudisha sukari na chumvi, kama empagliflozini, hulifunga lile bomba nililolieleza na kushusha shinikizo ndani ya kichujio. Mwaka 2015 empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kati ya watu 7,020 wenye kisukari na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2019 kanagliflozini ilipunguza madhara makubwa ya figo kwa asilimia 30. Zimefuata finerenoni mwaka 2020, inayozuia makovu na mchochota kwenye figo na moyo, na sindano ya semaglutaidi mwaka 2024, iliyopunguza madhara makubwa ya figo kwa asilimia 24. Bei ya baadhi yake bado ni mlima kwa familia nyingi, na zote zinahitaji daktari. Lakini losatani na statini ni dawa za zamani zenye aina za bei nafuu, na kipimo cha mkojo hakihitaji hata sindano.

Safu za daftari

Haya ndiyo ningependa uyaandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mzazi wako.

Mkojo, albumini dhidi ya kreatinini: angalau mara moja kwa mwaka, tangu siku ya kugundulika. Ikifika miligramu 30 kwa gramu au zaidi, rudia, maana homa, maambukizi ya mkojo au mazoezi makali yanaweza kuipandisha kwa muda. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo huanza kubadilika rangi mvujo ukishakuwa mkubwa, kwa hiyo kikisema "hakuna" usiridhike.

Kreatinini ya damu na kiwango cha uchujaji: mara moja kwa mwaka. Usikubali kuambiwa kreatinini "iko kawaida" bila kiwango kuhesabiwa, kwa sababu inaweza kubaki kawaida mpaka karibu nusu ya kazi ya figo imepotea. Uliza pia fomula gani imetumika. Fomula ya mwaka 2009 ilimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16 kwa kutumia takwimu za Wamarekani, hivyo figo mbovu ikaonekana nzima kuliko ilivyo. Ile ya mwaka 2021 imeliondoa jambo hilo.

Presha: kila wiki ikiwezekana. Kwa wengi lengo ni chini ya 130 kwa 80.

Lehemu, macho na miguu: kila mwaka.

Dawa zote anazomeza, pamoja na za goti, za mgongo na za mitishamba. Hii ndiyo safu ambayo ingemsaidia baba kuliko zote, kama ningeiuliza.

Na maswali mawili ambayo hayana gharama: viatu vinakutosha? Unalalia mito mingapi?

Na sisi wa hosteli

Usidhani haya ni ya wazee tu. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Sisi tunaokaa saa kumi kwenye kiti, tunaokesha kwa soda na kufuturu chipsi mayai bumu likiingia, tayari tunakusanya pumba. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno. Kwa mwanamume sentimita 94 na kwa mwanamke 80 ndipo tahadhari inapoanzia.

Habari njema ni kwamba hatua hii inarudi nyuma. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani wenye watu 3,234 waliokuwa njiani kupata kisukari ulionyesha kwamba kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari kwa asilimia 58. Metfomini ilipunguza kwa asilimia 31. Kutembea kwa miguu kulishinda dawa. Kutoka hosteli hadi ukumbi wa mihadhara, ukiacha bodaboda, umeshafika nusu ya hesabu.

Baba bado yupo. Kiwango chake cha figo leo ni 40, na tunamshukuru Mungu kwamba kimesimama hapo, kwa sababu makovu hayageuki kuwa vichujio tena. Diklo iliisha siku ile ile. Goti anafunga kitambaa cha maji ya moto na anatembea asubuhi hadi mashine ya kukobolea na kurudi. Daftari limepigiwa mistari upya, na simu zetu zimerefuka mpaka vocha inalalamika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanafunzi." Siku hizi haniiti daktari. Anasema nitalirudishiwa jina nikimaliza. "Sukari saba na nusu. Presha mia ishirini na nane kwa sabini na nane. Miguu haina kishimo. Mto mmoja."

Mkirudi nyumbani likizo hii, kabla hamjafungua mabegi, ombeni kuliona daftari. Kama lina safu moja tu, chukueni rula.